Nyimbo Zimeshahama, Nami Bado Namwambia Bibi Asilimia Sabini na Tisa

Mshauri mpendwa Bi. Verna,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, mimi ndiye huombwa, muulize yeyote hapa mjini Kalyna ni nani aliyefufua kompyuta ya padri ilipogoma wiki ya Pasaka, ni nani aliyetoa kipande cha nyama ya nguruwe kwenye tundu la sidii la mwalimu mkuu baada ya mjukuu wake kukichomeka humo, na kwa taarifa yako huyo mwalimu mkuu ndiye aliyesema nikiacha shule darasa la kumi nitaishia kufagia maghala ya ngano, basi sifagii, na mashine yake ya kuchapa ikikwama namba anayopiga ni yangu, lakini leo naomba msaada mimi, na naomba usicheke, na kama lazima ucheke basi cheka kimya kimya, maana kwenye ile picha yako hapo juu ya ukurasa naona una uso wa mtu anayecheka, ingawa picha yenyewe naona ni ya siku nyingi kidogo, samahani.

Jirani yangu ng'ambo ya barabara ni Bi. Olena Prokopiw, nalitaja jina lake sababu wewe utalibadilisha, ndiyo kazi yako. Mumewe, mzee Metro, alifariki Machi mwaka jana, akaacha kicheza muziki kimoja cha aina ile ya zamani, chenye diski inayozunguka ndani, kizito kama kipande cha sabuni. Binti yao Larysa ndiye aliyemletea kutoka Calgary ili awe anasikiliza nyimbo zake za akordioni wakati wa kuvuna, na kweli alisikiliza, lakini mzee akagundua kwamba kinanasa sauti pia, basi misimu minne mizima akiwa juu ya mashine ya kuvunia peke yake alikuwa anaongea na kile kitu, rekodi arobaini na moja, na bibi hajawahi kusikia hata moja, kwa sababu mzee alimwambia ni mambo ya shamba tu. Kompyuta yao ya zamani iliungua, Larysa akaitupa jaani alipokuja kusafisha nyumba baada ya mazishi, akamnunulia mama yake mpya, akachomeka kicheza muziki, na kompyuta mpya ikauliza: kifaa hiki ni cha kompyuta nyingine, nifute kila kitu nianze upya? Na Larysa, mtu wa chuo kikuu kabisa, kidole kikawa kinaelekea kwenye ndiyo. Bibi akauchomoa ule waya kwa nguvu hadi taa ya mezani ikaanguka. Nikisikia habari hiyo huwa nasema yule bibi akipewa mafunzo ya miezi sita nitakosa kazi.

Basi kikakaa kwenye gari la mzee, kwenye kijisanduku cha mbele, karibu mwaka mzima, na bibi alipokitoa kilikuwa hakichezi tena, kikiwashwa kinalia tik tik tik na kuzima. Akaniletea mwishoni mwa Januari, kikiwa ndani ya soksi ya sufu.

"Padri anasema wewe ni fundi," akaniambia.

"Padri amesema kidogo, bibi. Hapa mpaka Yorkton hakuna mwingine."

"Fundi hufagia mahali anapofanyia kazi."

"Fundi ana kazi nyingi, bibi."

Akatazama meza yangu, haikuwa na kitu ila kikombe. Akanitazama mimi. Akavua koti.

Sasa nikufundishe kidogo, maana najua huko gazetini hamjui. Ukichomeka kicheza muziki kwenye kompyuta isiyokijua, shikilia vile vitufe viwili vya pembeni mpaka kifunguke, isije ikaanza yenyewe kulinganisha na kufuta. Halafu usiende kwenye programu ya muziki, hiyo ni askari, haikuruhusu kutoa kitu, inakuruhusu kuingiza tu. Kifungue kifaa chenyewe kama unavyofungua droo, uiambie kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, ndipo utaona mafolda kama hamsini, na ndani yake nyimbo zote zimepewa majina ya kijinga ya herufi nne nne, huwezi kujua upi wa harusi upi wa mazishi, lakini usiogope, majina yake ya kweli yamo ndani ya kila faili, ukishayahamisha yanarudi. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Shida ilikuwa diski. Ikipata joto kidogo tu, tik tik tik, kompyuta inasema haikioni tena, na kukopi kunafia njiani. Dakika nne. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikabadilisha kompyuta, dakika nne zile zile. Kuna mafundi huweka diski ya namna hiyo kwenye friza, halafu wakiitoa ndani ya nyumba yenye joto inatoka jasho na kufa moja kwa moja, hayo ni mambo ya watu wa mjini. Mimi nina dirisha la jikoni, na nje siku ile ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikakilaza nje kwenye kizingiti cha dirisha, nikapitisha waya kwenye upenyo, kompyuta ikabaki ndani mezani. Dakika kumi na moja. Dakika kumi na moja, Bi. Verna, kisha inapumzika nusu saa, kisha dakika kumi na moja nyingine. Andika hiyo gazetini kwa herufi kubwa.

Ila dirisha langu lina tabia mbaya, upenyo lazima uzibwe kwa taulo na taulo lazima lishikwe, na mimi mikono yangu iko kwenye kompyuta. Bibi akasema yeye atashika. Akavaa koti lake tena, na kitambaa cha kichwa, akaketi pale dirishani na taulo, na kesho yake akaja saa nane mchana na sahani ya pyrohy, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, vikitoa moshi, na kesho kutwa vile vile, na siku zote.

"Metro alitengeneza trekta kwa waya wa uzio," ananiambia, "haikumchukua wiki."

"Trekta haina mafaili elfu tatu, bibi."

"Ina panya. Umewahi kuondoa panya kwenye trekta?"

"Nimeondoa nyama kwenye tundu la sidii."

"Kula, unaongea kama mtu mwenye njaa."

Sasa nikwambie jambo ambalo si la kompyuta. Baba yuko kwenye visima vya mafuta kaskazini mwa Alberta, alisema wiki sita, hiyo ilikuwa Agosti. Viatu vyake vingine viko mlangoni, navisogeza nikifungua mlango kisha navirudisha. Kabla bibi hajaanza kuja nilikuwa nakula nimesimama kwenye sinki ili nisichafue sahani, na kuna wiki moja Desemba watu walikuwa wameenda kwao na hakuna aliyeharibikiwa na kitu, nikaenda dukani kununua maziwa, dada wa kaunta akaniuliza habari, nikafungua mdomo sauti ikagoma kutoka, nikahesabu, ilikuwa siku ya nne sijaongea na mtu. Nikamwambia nina mafua. Sikuwa na mafua.

Basi kazi ikaenda wiki tatu, kidogo kidogo, dakika kumi na moja kumi na moja, nikiandika kwenye karatasi folda lililofikiwa, na Jumanne moja bibi akiwa ameinuka kuweka birika jikoni ule mstari wa kijani wa kompyuta unaoonyesha kazi imefika wapi ukajaa, ukafika mwisho, kimya, hata tik moja haikulia. Nyimbo elfu tatu na mia moja na rekodi arobaini na moja, zote nzima. Nilitaka kuruka juu ya meza. Bibi akarudi na vikombe, akakaa, akashika taulo lake, akauliza, "Imefika wapi?"

Na mdomo wangu ukasema, "Asilimia sitini na mbili, bibi."

Sijui ulitoka wapi huo uongo, lakini najua kwa nini ulitoka, kwa sababu wiki ile ile Larysa alikuwa amepiga simu kutoka Calgary kwamba amemtafutia mama yake chumba chini ya nyumba yake, kina zulia, na bibi alimjibu mbele yangu kwamba, "Siondoki hapa mpaka nimsikie Metro," na Larysa akasema sawa, basi baada ya ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Sasa wewe jumlisha. Akimsikia Metro anaondoka. Asipomsikia haondoki. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Tangu Jumanne ile leo ni siku ya kumi na moja. Kila siku saa nane anakuja, mimi nakitoa kicheza muziki nje kwenye kizingiti, nachomeka waya, na kwenye kompyuta naiambia ikopi nyimbo zangu mwenyewe kutoka folda moja kwenda lingine ili mstari uonekane unatembea. Sitini na nne. Sitini na saba. Sabini. Juzi alianza kukohoa. Nikamwambia, bibi, leo pumzika, nitashika mwenyewe, akasema, "Na nani atabonyeza? Mikono yako iko miwili tu." Jana nikamwambia sabini na tisa, akatabasamu, akakohoa ndani ya taulo.

Na kuna lingine, hili sijamwambia mtu. Nimezisikiliza. Zote arobaini na moja. Jioni nikila nafungua moja baada ya nyingine. Si kwa ubaya, mwanzoni nilitaka tu kujua kama zinacheza, lakini mzee yule anaongea vizuri, anaitukana mashine, anahesabu bata kwenye kidimbwi, anaimba vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, anabishana na mtu wa redio kuhusu bei ya mbegu za kanola, na kila rekodi inapoisha anasema haya, twende, tunangojewa kula, halafu unasikia injini inazimwa. Nimeshazirudia mara mbili.

Ibada ni Jumamosi ya wiki ijayo, kisha chakula kwenye ukumbi wa kanisa, na bibi ameshamwambia kila mtu kwamba siku hiyo watasikia sauti ya Metro, amemwambia hadi padri. Sasa nifanye nini? Niendelee kupanda polepole nifike mia Ijumaa usiku kama kwamba nimekesha, nionekane shujaa? Au niseme zimepotea, asiende Calgary? Hilo la mwisho nimeliandika tu, silisemi. Au nimwambie kweli, anichukie, na bado aende? Wewe umesoma, chagua.

Ni mimi,
Fundi Nambari Moja, Kalyna

*

Fundi Nambari Moja,

Picha ni ya mwaka juzi. Tuendelee.

Jina la bibi nimelibadilisha kama ulivyoniagiza, na la mumewe na la binti yao, na halitasaidia kitu, kwa sababu mji wenu wote hupita barabara hiyo, na hakuna nyumba nyingine yenye waya unaotoka dirishani na mfuko wa plastiki kwenye kizingiti mwezi wa pili.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta fimbo. Mara ya pili nilifika pale dukani, penye maziwa, nikaiweka chini nikaenda kuchemsha chai. Kisha nikampa Anatol, kijana wetu wa kompyuta hapa gazetini, asome yale ya dirisha. Alicheka, akasoma tena, akasema huyu anaijua kazi. Nakupa sifa hiyo mapema ili usiniambie baadaye kwamba sikuona. Sasa kaa.

Tatizo lako si asilimia. Umemkalisha mjane wa miaka zaidi ya sabini kwenye upepo wa nyuzi thelathini chini ya sifuri, ashike taulo lisilo na kazi, siku kumi na moja. Kikohozi kile umekitengeneza wewe kwa mikono yako miwili, kwa ustadi ule ule unaojisifia. Na sauti ambayo yeye ameingojea mwaka mzima, wewe umeifanya kitoweo. Hilo la pili litamuuma kuliko la kwanza, na ndilo unalotaka kumficha, naliona jinsi ulivyolisogeza hadi mwisho wa barua. Utamwambia yote mawili. Utaanza na hilo gumu.

Hutafika mia Ijumaa usiku. Hutajifanya umekesha. Atakushukuru mbele ya ukumbi mzima, padri atakupa mkono, na wewe utakula chakula cha ibada ya mtu uliyemwibia. Utaweza kukimeza? Usinijibu.

Unasema akimsikia mumewe ataondoka. Pengine ataondoka. Ana akili timamu, aliuchomoa waya kabla mwenye shahada hajafuta kila kitu, basi anaweza pia kuchagua kati ya zulia la Calgary na baridi ya Kalyna. Ila hawezi kuchagua mpaka amemsikia, alisema mwenyewe, na wewe umemzibia mlango kwa siku kumi na moja.

Halafu nikuulize, fundi mkubwa. Wiki tatu za kwanza taulo lilihitaji kushikwa, nakubali. Lakini wewe ulidhani mwanamke wa umri ule anavuka barabara ya barafu kila siku, na sahani ya moto mkononi, kwa ajili ya taulo? Taulo lingeshikwa na kiti na matofali mawili, Anatol amelifikiria kwa nusu dakika. Yeye hakulifikiria? Aliyeishi na mtu wa kutengeneza trekta kwa waya wa uzio? Naye anatoka kwenye nyumba yenye kiti kitupu. Saa nane mchana kwake ni saa nane ile ile ya kwako. Wewe ulimwona bibi na mafaili, hukuona mtu mwenzako, na siku zote hizo hukumuuliza hata mara moja kama anataka kwenda Calgary. Umeniuliza mimi.

Sasa fanya hivi. Rekodi arobaini na moja uziweke peke yake kwenye sidii, kwa sababu redio yake ya jikoni naamini inasoma sidii na haitamwuliza kama afute chochote. Nakala ya pili iwe kwenye flashi, umpe Larysa. Nakala ulizobaki nazo wewe uzifute mbele ya bibi, isipokuwa yeye mwenyewe akikuambia uziache. Nenda kwenye kompyuta yake mpya, uondoe ile alama inayoifanya ilinganishe yenyewe kila kifaa kikichomekwa, na umwandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko unaosomeka, kwamba ikiuliza nifute, jibu ni hapana. Kicheza muziki kirudi kwenye soksi yake. Wimbo wa akordioni usikilizeni pamoja mkitaka, lakini ile rekodi ya kwanza usiicheze wewe. Mwonyeshe kitufe, kisha toka, funga mlango, ukae nje kwenye ngazi mpaka akuite. Asipokuita, rudi kwako, na kesho saa nane uvuke barabara wewe, usingoje avuke yeye. Beba kitu. Sahani zake unazo, nina hakika.

Jumamosi nenda ukumbini. Usisimame kwenye mashine ukijifanya mtu wa mitambo, keti mezani kama watu. Akikuambia hataki kukuona mezani, ingia jikoni nyuma uoshe vyombo, huwa hawana watu wa kutosha.

Na jioni hiyo mpigie baba yako. Usimwambie uko salama. Mwulize anarudi tarehe ngapi, na akisema karibuni, mwambie karibuni si tarehe.

Jambo la mwisho. Ningeweza kukutumia jibu hili kwa siri, lakini nakujua sasa, ungelisoma, ungelitia mfukoni, na saa nane ungesema themanini na nne. Kwa hiyo nimelichapa. Yule niliyemwita hapa Bi. Prokopiw analipia gazeti hili tangu kabla hujazaliwa, na watu wa umri wake huanza na ukurasa huu, hata kabla ya matangazo ya vifo. Nimemwomba mama wa posta hapo kwenu jambo moja tu, kwamba leo Alhamisi gazeti lako aliweke kwenye sanduku kwanza, na la bibi aliweke baada ya nusu saa. Wewe utakuwa unasomea hapo hapo kwenye kaunta ya posta, umeegemea.

Likunje. Una nusu saa. Usikimbie, njiani kuna barafu.

Verna